MLS na Ligi Kuu ya Uingereza: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Mtu aliyezoea kuhesabu nani anashuka daraja na nani anakwenda Ulaya akifungua msimamo wa MLS, ligi kuu ya soka ya Marekani na Kanada, kwa mara ya kwanza hupotea. Anakuta misimamo miwili, haoni mstari mwekundu chini, halafu anasikia kwamba timu iliyoongoza ligi imetolewa na iliyoshika nafasi ya tisa. Majibu haya ni kwa ajili ya mtu huyo. Ligi Kuu ya Uingereza tunaiita EPL kama mitaani. Takwimu za mishahara ya MLS ni za msimu wa 2025.

Tofauti kubwa kuliko zote ni ipi?

Ni namna timu inavyoingia na inavyotoka. Uingereza ngazi iko wazi kutoka juu hadi chini. Kila msimu timu tatu za mwisho za EPL hushuka na tatu za Championship, daraja la pili, hupanda, na chini ya hapo kuna madaraja yanayofika mpaka kwenye viwanja vya vijijini. Luton Town ilikuwa daraja la tano mwaka 2014, na Agosti 2023 ilikuwa inacheza EPL. Ikashuka msimu huohuo, na msimu uliofuata ikashuka tena. Ngazi iliyoipandisha ndiyo hiyo hiyo iliyoishusha.

Marekani hakuna ngazi. Nafasi hununuliwa. Toronto FC iliingia MLS mwaka 2007 kwa dola milioni 10. San Diego FC, timu ya 30, iliingia mwaka 2025 kwa dola milioni 500. Aliyelipa fedha hizo hashuki hata akiburuza mkia miaka kumi mfululizo.

Ukishalishika hilo, mengine yanayomshangaza mgeni yanaeleweka: kikomo cha mishahara, mtoano wa mwisho wa msimu, drafti ya wachezaji wa vyuo, wachezaji kubadilishwa kama mali ya duka moja. Yote yamewekwa ili mwekezaji asifilisike. Ligi iliyotangulia, NASL, ilikufa baada ya msimu wa 1984 kwa sababu klabu zilitumia kuliko zilichoingiza. MLS yenyewe, iliyoanza kuchezwa Aprili 1996 ikiwa na timu 10, ilichungulia kaburi: baada ya msimu wa 2001 ilizifunga Miami Fusion na Tampa Bay Mutiny, ikarudi kwenye idadi ileile ya mwanzo ya timu 10. Hofu ya miaka ile bado imo ndani ya kanuni zake.

Timu ikishika mkia MLS inapata adhabu gani?

Haipati adhabu. Tazama mifano miwili kwa karibu.

Mwaka 2013, D.C. United ilicheza mechi 34 za ligi ikashinda tatu tu, ikatoka sare saba na kufungwa 24. Pointi 16. Mwaka huohuo ikatwaa kombe la taifa, U.S. Open Cup, kwa kuifunga Real Salt Lake 1-0 ugenini kwenye fainali. Msimu uliofuata, 2014, ikaongoza kanda ya Mashariki, moja ya kanda mbili za ligi. Haikulazimika kuuza kikosi wala kuanza upya daraja la pili.

Southampton msimu wa 2024/25 ilimaliza EPL ikiwa na pointi 12 na ilijua imeshuka zikiwa zimebaki mechi saba, mapema kuliko timu yoyote katika historia ya EPL. Timu iliyoshuka hupoteza sehemu kubwa ya fedha za televisheni, na hata iliyoshika mkia EPL huwa imevuna zaidi ya pauni milioni 100 msimu huo. Ili anguko lisiiue, hupewa malipo ya kupooza makali: asilimia 55 ya mgawo sawa wa EPL mwaka wa kwanza, 45 wa pili, na 20 wa tatu kwa timu iliyokaa juu zaidi ya msimu mmoja. Hata hivyo nyota huondoka, kwa kuwa mikataba mingi huwa na kipengele cha kupunguza mshahara timu ikishuka.

Kwa maoni yetu hapa EPL inaishinda MLS waziwazi. Mechi ya Mei kati ya timu ya 16 na ya 18 huweza kuwa na joto kuliko fainali. Mechi ya Oktoba kati ya timu mbili za MLS zilizokwisha kukosa mtoano haina cha kupigania, na wachezaji wanaonekana hivyo. Upande wa pili wa shilingi nao ni wa kweli: shabiki wa Marekani halali akiogopa kwamba klabu yake itavunjika kwa sababu ya msimu mmoja mbaya.

Kwa nini anayeongoza msimamo MLS si bingwa?

Kwa sababu kuna vikombe viwili. Timu yenye pointi nyingi kuliko zote baada ya mechi 34 hupewa Supporters' Shield. Ubingwa wenyewe, MLS Cup, huamuliwa kwa mtoano.

Timu 30 zimegawanywa kanda mbili za timu 15, Mashariki na Magharibi. Tisa za juu kila kanda huingia mtoano. Ya nane na ya tisa hukutana mechi moja, na mshindi hukutana na ya kwanza. Raundi ya kwanza ni ya mechi tatu, anayeshinda mbili anapita. Hapa ndipo wengi hukosea: katika raundi hiyo dakika 90 zikiisha kwa sare hakuna muda wa nyongeza, mnakwenda matuta moja kwa moja, na mabao hayajumlishwi. Unaweza kupigwa 4-0 mechi ya kwanza, ukashinda mbili zilizobaki kwa matuta, ukapita. Kuanzia nusu fainali ya kanda ni mechi moja nyumbani kwa timu iliyomaliza juu zaidi, na sare huleta dakika 30 za nyongeza kisha penalti. Fainali pia huchezwa kwenye uwanja wa mmoja wa wahusika, yule mwenye pointi nyingi zaidi.

Mwaka 2024 ulionyesha kila kitu. Inter Miami ya Messi ilivunja rekodi kwa pointi 74. Raundi ya kwanza ikakutana na Atlanta United, iliyokuwa ya tisa kwa pointi 40, ikatolewa katika mechi ya tatu kwa 3-2. Bingwa akawa LA Galaxy, iliyokuwa ya 26 kati ya 29 msimu mmoja kabla. Mwaka 2025 Miami ilirudi ikachukua kombe kwa kuifunga Vancouver Whitecaps 3-1, huku Shield ikienda Philadelphia Union.

Matokeo yake yanaonekana kwenye orodha ya mabingwa. Katika misimu 30 ya kwanza ya MLS, klabu 16 tofauti zimetwaa MLS Cup. EPL, tangu ianze 1992 hadi msimu wa 2024/25, imetoa mabingwa saba tu: Manchester United, Blackburn, Arsenal, Chelsea, Manchester City, Leicester na Liverpool.

Pointi zikilingana?

EPL inatazama tofauti ya mabao kwanza, kisha mabao ya kufunga. MLS inatazama idadi ya ushindi kwanza. Timu iliyoshinda 16, sare 4 na iliyoshinda 14, sare 10 zote zina pointi 52, lakini ya kwanza inakaa juu hata kama imeruhusu mabao mengi zaidi. Kwa hiyo MLS sare ina hasara ya ziada usiyoiona kwenye hesabu ya pointi.

Mchezaji wa MLS ni mali ya klabu au ya ligi?

Mkataba wake ni wa ligi. Kisheria MLS ni kampuni moja, na wanaoitwa wenye timu ni wanahisa waliopewa haki ya kuendesha timu fulani. Wachezaji waliwahi kulipinga jambo hili mahakamani katika kesi ya Fraser, na mwaka 2002 mahakama ya rufaa ilikubaliana na ligi. EPL ni kinyume: klabu 20 ni kampuni 20 zinazojitegemea, kila moja ina hisa moja ndani ya ligi, na kanuni hubadilishwa kwa kura 14.

Mambo matatu hufuata kutokana na mfumo huo wa Marekani.

La kwanza, mchezaji anaweza kubadilishwa na timu nyingine bila kuombwa ridhaa, kama mkataba wake haukuweka zuio. Januari 2017 New York Red Bulls ilimpeleka nahodha wake Dax McCarty Chicago Fire kwa dola 400,000 za fedha za mgawo, fedha ambazo hazitumiki kokote nje ya hesabu za ndani za MLS. Uingereza hilo haliwezekani. Klabu mbili zikishaelewana ada, bado mchezaji lazima akubali maslahi yake na apite vipimo vya afya. Akikataa, dili limekufa.

La pili, kila timu ina orodha fupi ya wachezaji walio nje ya MLS ambao imewawahi kuwaandikisha. Timu nyingine ikimtaka aliyemo kwenye orodha yako, inakulipa. LA Galaxy ilipomtaka Marco Reus mwaka 2024 ililazimika kuilipa Charlotte FC dola 400,000 za mgawo, ingawa Reus hakuwahi kuvaa jezi ya Charlotte hata siku moja.

La tatu ni drafti, ambapo timu huchagua kwa zamu wachezaji waliotoka vyuo vikuu. Zamani ilikuwa lango kuu. Leo akademi za klabu zimeinyang'anya kazi hiyo.

MLS ina kikomo cha mishahara. Messi analipwaje basi?

Swali hili ndilo linaloulizwa kuliko yote, na linastahili hesabu.

Msimu wa 2025 bajeti ya mishahara ya timu ilikuwa dola 5,950,000 kwa wachezaji 20 wa kikosi cha wakubwa. Hakuna mchezaji anayeweza kuhesabiwa zaidi ya dola 743,750 ndani ya bajeti hiyo. Lakini kila timu inaruhusiwa wachezaji wateule hadi watatu, ambao mshahara wao unaweza kuwa wowote. Kinachopita 743,750 hulipwa na mwenye timu na hakiguswi na kikomo. Kanuni hii ililetwa mwaka 2007 ili David Beckham aje LA Galaxy. Messi kwa mujibu wa orodha ya chama cha wachezaji hupata zaidi ya dola milioni 20 kwa mwaka, lakini kwenye bajeti ya Miami alisomeka 743,750 tu.

Sasa toa. Wateule watatu kwa kiwango cha juu ni dola 2,231,250. Zinabaki 3,718,750 kwa wachezaji 17, yaani 218,750 kwa kila mmoja. Hapo ndipo unapoelewa kwa nini timu yenye nyota mbele inaweza kuwa na beki wa kati anayeteleza kila wiki.

Ili kuziba pengo kuna fedha za mgawo za aina mbili, ambazo wenyewe huziita GAM na TAM. GAM, dola 2,930,000 kwa kila timu mwaka 2025, hutumika kupunguza uzito wa mshahara wowote kwenye bajeti, na huuzwa na kununuliwa kati ya timu. TAM, dola 2,225,000, ni ya wachezaji wa daraja la kati, wanaopokea kati ya 743,750 na 1,743,750. Unalipia kilichozidi, naye hahesabiwi kuwa mteule. Juu ya hapo kuna nafasi za vijana wasiozidi miaka 22 wakati wa kusajiliwa, wanaosomeka dola 150,000 au 200,000 hata kama ada yao ilikuwa mamilioni. Timu huchagua kati ya njia mbili: wateule watatu na vijana watatu, au wateule wawili, vijana wanne na nyongeza ya hadi dola milioni 2 za GAM.

Kosa la kawaida la timu mpya ni kumaliza nafasi zote tatu za wateule kwa washambuliaji mapema. Mmoja akiumia au akishindwa kuzoea, nafasi imefungwa mpaka aondoke au mkataba wake uvunjwe, na fedha haziwezi kuhamia kwa kipa au beki.

Kwani Uingereza timu inatumia inavyotaka?

Hapana, ila kipimo ni kingine. Badala ya kuweka dari moja kwa wote, kanuni ya faida na uendelevu iliruhusu klabu kupata hasara isiyozidi pauni milioni 105 kwa miaka mitatu. Novemba 2025 klabu zilipiga kura kuibadilisha kuanzia msimu wa 2026/27: gharama za kikosi zisizidi asilimia 85 ya mapato. Maana yake mwenye mapato makubwa bado anaruhusiwa kutumia zaidi.

Angalia wanavyoadhibu, ndipo utaona moyo wa kila ligi. Everton ilikatwa pointi 10 Novemba 2023, zikapunguzwa kuwa sita baada ya rufaa, kisha ikakatwa nyingine mbili msimu huohuo. Nottingham Forest ilikatwa nne. Pointi ndizo zinazoamua nani anashuka, kwa hiyo pointi ndizo zinazouma. Inter Miami ilipogundulika mwaka 2021 kuwa ilimsajili Blaise Matuidi nje ya nafasi za wateule, haikukatwa pointi hata moja. Ilitozwa faini ya dola milioni 2 na kupunguziwa fedha za mgawo dola 2,271,250 kwa misimu ya 2022 na 2023. Kwenye ligi isiyo na kushuka, unamwadhibu mtu kwa kumpunguzia uwezo wa kusajili.

Mishahara ya EPL haitangazwi na chama chochote, na namba unazosoma magazetini ni za kukadiria. MLS chama cha wachezaji huchapisha jina kwa jina. Mwaka 2025 kima cha chini kilikuwa dola 104,000 kwa mchezaji wa kikosi cha wakubwa na 80,622 kwa wa akiba.

Timu bora ya MLS ingeshika nafasi gani EPL?

Ingeshuka. Kwa msimu mzima wa mechi 38 hatuoni timu ya MLS ikinusurika kwa kikosi ilichonacho leo.

Sababu haiko kwa wachezaji 11 wa kwanza. Kwenye Kombe la Dunia la Klabu la 2025, Chelsea iliifunga LAFC, timu ya MLS, 2-0 mjini Atlanta. Ni kipigo cha kawaida, si aibu. Inter Miami iliifunga Porto 2-1 katika mashindano hayohayo, kisha PSG ikaipiga 4-0. Katika mechi moja timu hizi husimama. Tatizo ni mtu wa 14 hadi wa 22. Dakika ya 65 kocha wa EPL anageuka benchi na kuona mchezaji wa timu ya taifa aliyenunuliwa pauni milioni 40, wakati mwenzake wa MLS anaona kijana wa akademi. Rudia hilo wiki 38.

Mchezaji mmojammoja ni habari tofauti. Clint Dempsey alitoka New England Revolution kwenda Fulham Januari 2007 na msimu wa 2011/12 akafunga mabao 17 ya ligi. Miguel Almirón aliondoka Atlanta United kwenda Newcastle Januari 2019, akakaa miaka sita, akarudi Atlanta Januari 2025. Kwa hiyo kusema MLS ni ligi ya wazee ni kukariri mambo ya zamani. Wazee bado wanakwenda, ila vijana wa Amerika ya Kusini wanaoitumia kama daraja la kuvukia Ulaya ni wengi zaidi.

Wachezaji wa Afrika Mashariki wamepita wapi, na njia ipi ni nyepesi?

Victor Wanyama ndiye aliyezionja zote mbili: kutoka Celtic akaenda Southampton mwaka 2013, Tottenham 2016, kisha Montréal mwaka 2020 akiwa mchezaji mteule. Mbwana Samatta alikuwa Mtanzania wa kwanza EPL alipojiunga na Aston Villa Januari 2020, na Machi mwaka huo akafunga Wembley kwenye fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City, Villa ikilala 2-1.

Njia ya Uingereza kwa Mtanzania au Mkenya ni ngumu kwa sababu ya kibali cha kazi. Tangu 2021 mchezaji hupimwa kwa pointi, na anahitaji 15. Anayepita bila hesabu ni yule anayecheza mara kwa mara timu ya taifa iliyomo 50 bora za FIFA, na Tanzania na Kenya hazimo humo. Zinabaki dakika alizocheza klabuni, uzito wa ligi anayotoka, na mechi za mabara. Ndiyo maana kuruka kutoka Ligi Kuu ya Tanzania au ya Kenya moja kwa moja ni karibu haiwezekani. Samatta alipitia Simba, TP Mazembe na Genk ya Ubelgiji, na hiyo bado ndiyo ramani ya kufuata. Klabu zina nafasi chache za upendeleo kwa wasiotimiza pointi, lakini huzitumia kwa vijana ambao wana hakika nao.

MLS hakuna pointi. Kila timu hupewa nafasi nane za wachezaji wa kigeni, zinazouzika, na Mustafa Kizza aliingia Montreal kutoka KCCA ya Kampala kwa njia hiyo mwaka 2020. Jambo ambalo familia nyingi za Kiswahili huko hazilijui ni hili: mwenye ukaazi wa kudumu, au aliyepokewa Marekani kama mkimbizi, huhesabiwa kuwa mchezaji wa ndani kwenye timu za Marekani. Hachukui nafasi ya kigeni. Kijana wa Kikongomani au Kirundi mwenye karatasi hizo ana faida halisi mbele ya klabu.

Bernard Kamungo ni mfano ulio wazi. Alizaliwa Kasulu, Kigoma, katika familia ya Wakongo waliokimbia vita, akakulia kambini, akahamia Abilene, Texas. Mwaka 2021 alikwenda kwenye majaribio ya wazi ya North Texas SC, timu ya pili ya FC Dallas, akachukuliwa. Agosti 2023 aliifunga Inter Miami ya Messi katika sare ya 4-4 ya Leagues Cup, mashindano ya timu za MLS na za Mexico, na Januari 2024 akaichezea timu ya taifa ya Marekani. Majaribio kama yale hutangazwa na klabu za madaraja ya chini karibu kila mwanzo wa mwaka. Mzazi aangalie tovuti ya klabu yenyewe, si wakala aliyempigia simu.

Mechi ni saa ngapi kwa saa za Afrika Mashariki?

EPL ya Jumamosi saa tisa alasiri ya kwao ni saa kumi na moja jioni kwetu wakati wa kiangazi chao, na saa kumi na mbili jioni wakati wa baridi. Ile ya mapema ni saa nane na nusu au tisa na nusu mchana, na ya mwisho ni saa moja na nusu au mbili na nusu usiku.

MLS nyingi huchezwa Jumamosi saa moja na nusu usiku ya mji husika. Ikiwa ni New York, Miami au Atlanta, kwetu ni saa nane na nusu usiku wa kuamkia Jumapili. Ikiwa ni Los Angeles, Seattle au Vancouver, ni saa kumi na moja na nusu alfajiri. Wanaporudisha saa nyuma Novemba, ongeza saa moja. Aliyeko Lubumbashi au Bujumbura apunguze saa moja, wa Muscat aongeze. Mpira wenyewe huanza dakika kadhaa baada ya saa iliyotangazwa, kwa hiyo usidhani umechelewa.

Chunga wiki mbili au tatu za Machi. Marekani hubadili saa Jumapili ya pili ya Machi, Uingereza Jumapili ya mwisho, na katikati hapo ratiba ya kichwani inadanganya.

Televisheni: EPL ipo SuperSport kwenye DStv. MLS ipo Apple TV, na tangu 2026 haihitaji tena malipo ya pembeni juu ya usajili wa kawaida.

Ni kweli MLS inahamia kalenda ya Ulaya?

Ndiyo, iliamuliwa Novemba 2025. Kuanzia Februari hadi Mei 2027 kutakuwa na msimu mfupi wa mechi 14 na mtoano. Kisha msimu wa 2027/28 utaanza katikati au mwishoni mwa Julai, utasimama katikati ya Desemba mpaka mwanzoni mwa Februari kwa sababu ya theluji, na kumalizika mwishoni mwa Mei. Faida kubwa iko kwenye usajili. Mpaka sasa dirisha kubwa la Ulaya linafunguka timu za MLS zikiwa katikati ya msimu, na nyota huondoka ligi ikiwa imeshika moto.

Uwanjani kuna tofauti gani za sheria?

Chache kuliko watu wanavyodhani. Ule utaratibu wa miaka ya mwanzo wa kumaliza sare kwa mchezaji kukimbia na mpira kutoka yadi 35 dhidi ya kipa kwa sekunde tano uliachwa baada ya msimu wa 1999. Tangu 2024 MLS ina kanuni mbili kali za kupoteza muda: anayefanyiwa mabadiliko lazima atoke ndani ya sekunde 10, la sivyo mbadala wake anasubiri dakika nzima nje; na aliyelala zaidi ya sekunde 15 mpaka daktari akaingia uwanjani hukaa nje dakika mbili, isipokuwa kwa jeraha la kichwa na mengine machache. Zimefanya kazi nzuri.

Tofauti kubwa iko chini ya miguu. EPL hairuhusu nyasi bandia. MLS inaruhusu, na Seattle, Portland, Atlanta, Charlotte, New England na Vancouver huchezea juu yake. Mpira unadunda juu na kwenda kasi, na wachezaji wenye magoti mabovu hupumzishwa. Ongeza safari: Vancouver hadi Miami ni karibu kilomita 4,500, na majira yanatofautiana kwa saa tatu. Timu ya London inaweza kumaliza msimu bila kupanda ndege mara nyingi. Ushindi wa ugenini MLS usiupime kwa mizani ya Uingereza.

Nikienda uwanjani nijiandae vipi?

Uingereza, tiketi za klabu kubwa hazifiki mtaani. Jiunge kwanza uanachama wa mwaka wa klabu, kisha ununue kwa simu tiketi zinapotolewa. Kuuza tena tiketi nje ya mfumo wa klabu ni kosa la jinai kwa sheria ya 1994, na tiketi ya mlanguzi huzimwa ukiwa mlangoni. Mashabiki wa ugenini hutengwa kabisa, tiketi yao haizidi pauni 30. Usivae jezi ya wageni ukiwa umekaa upande wa wenyeji, utatolewa hata kama hujasema neno. Bia hainywewi mahali unapoona uwanja.

Marekani, kuuziana tiketi ni halali, na bei hushuka saa chache kabla ya mechi isipokuwa Miami inapokuja. Upande wa vikundi vya mashabiki watu husimama dakika 90 na ngoma zinalia, kwa hiyo usimpeleke mtoto mdogo huko. Kwenye viwanja vinavyotumika pia kwa mpira wa Kimarekani begi liwe la plastiki angavu lisilozidi sentimita 30 kwa 15 kwa 30, na pochi ya mkononi ndogo ya kiganja. Begi la mgongoni litakurudisha kwenye gari, na kama ulikuja kwa treni huenda hakuna kabati la kuliacha.